Yule Mke wa Bangili Hakuwa Wewe

Wifi yangu Minayo,

Nimekasirika, na mtu wa kumkasirikia hayuko. Jumamosi nilienda kuona sinema peke yangu, mara ya kwanza tangu tukuzike. Picha ilipofika pale ambapo kijana tajiri anapiga magoti kwenye matope mbele ya msichana aliyemdanganya, niligeuka nikuambie, "Sasa hii ni nini?" Pale pako alikuwa amekaa mzee mmoja amelala, mdomo wazi. Nikabaki na hasira yangu nzima, sina pa kuiweka. Nimerudi nayo nyumbani. Kaka yako Ambani akaniuliza nina nini, nikamwambia picha ilikuwa mbaya. Akasema, kama ilikuwa mbaya si ungetoka? Huyo ndiye mtu uliyeniachia nizungumze naye habari za sinema.

Wewe hungetoka. Ulikuwa unasema kutoka katikati ya picha ni kama kumwacha mgeni akiongea peke yake. Hata ile ya mapacha waliopotezana sokoni, ambayo mimi nilijua mwisho wake kabla hatujakaa vizuri, ulikaa mpaka taa zikawashwa, ukapangusa macho kwa ncha ya kitambaa, kisha ukaniuliza kwa nini sikulia, kana kwamba nimekutukana.

Nikueleze kwanza mambo yalivyo huku. Ukumbi wetu pale mjini bado uko, lakini siku za katikati ya wiki haufunguliwi tena. Watu wamehamia kwenye vyumba vya video. Kile cha nyuma ya bucha unakikumbuka, sasa vimezaana. Unakaa kwenye benchi gumu, televisheni yenyewe ndogo kama kisanduku cha sindano, na vijana waliokata miwa wiki nzima wanataka ngumi tu. Mtu akianza kulia kwenye picha wanampigia kelele mwenye chumba asogeze kanda mbele. Wanasogeza mbele, Minayo. Mama wa watu anakufa, na wao wanamsogeza mbele, anakufa mbio mbio kama ingokho, kuku wa kuchinjiwa wageni. Ungewachapa kwa kandambili, mmoja baada ya mwingine.

Miwa nayo imefika mlangoni. Kila mtu anapanda. Kwetu hapa tumebakisha mahali pa kaburi na pa kuanikia nguo, sukuma wiki naipanda kwenye makopo. Watu wana mabati mapya, wana redio zinazosikika mpaka ng'ambo ya mto, na unga wananunua dukani. Nakwambia haya ili ujue hakuna kilichopona.

Lakini sikukaa chini kuandika kwa ajili ya miwa. Nataka kukuandikia kuhusu yule mke wa bangili, kwa sababu nimechoka kumsikia, na safari hii si wewe unayemtaja.

Unakumbuka tulivyoanza. Nilipoolewa na kaka yako ulikuwa bado uko nyumbani kwenu, ukaja jikoni kunichunguza kama ng'ombe wa mnada. Ukatazama ninavyosonga ugali, ukasema, "Obusuma bwa watu wa taun," ukaondoka. Kwa muda mrefu salamu zetu zikawa za kupitia dirishani. Halafu Jumapili moja ukanijia umevaa ile gauni ya kijani, uso umeukunja kama mtu anayemeza dawa, ukaniomba nikusindikize sinema mchana, maana mama yenu alikuwa hakuruhusu uende peke yako. Mimi mke wa mtu ndiye niliyekuwa mlinzi. Nilikubali kwa sababu sikuwahi kuingia ndani ya ule ukumbi, ingawa nilikuwa nikishona nguo za shule kwenye baraza karibu yake na kuusikia ukiimba kila Jumamosi.

Picha ya siku hiyo ilikuwa ya Kihindi, ya zamani hata wakati ule, imekatikakatika na kuungwa mpaka watu walikuwa wanaruka kutoka chumbani hadi mtoni bila kupitia mlango. Mume anamnyang'anya mkewe bangili za arusi, anaziuza, anamfukuza kwenye mvua. Mvua yenyewe inamnyeshea yeye tu. Jirani upande wa pili amekauka. Anaenda kufua nguo kwa matajiri mpaka mikono inachubuka. Miaka inapita, tunajua inapita kwa sababu mtoto anakimbia akiwa mdogo na kutokea upande wa pili wa mti akiwa na ndevu. Kisha habari inamfikia kwamba mume ni kipofu, hana mtu. Mke anatembea nchi nzima akirudi kwake. Anamwosha miguu. Mume anamtambua kwa vidole, anapapasa mikono isiyo na bangili, anatamka jina lake mara moja, na mke anakufa papo hapo, ameshinda.

Ukumbi mzima ulilia. Yule jamaa wa benchi la mbele ambaye kila mara alikuwa anapaza sauti kwamba steringi hafi, siku hiyo alinyamaza. Wewe ulikuwa umelowa mpaka kifuani. Mimi nilikuwa nimefura.

Njiani nikakwambia yule mke hakupaswa kurudi. Ulisimama katikati ya barabara, trekta la miwa linatupigia honi, ukaniuliza, "Angeenda wapi?"

Nikasema alikuwa na kazi, alikuwa anafua, alikuwa na mtoto mwenye ndevu. Ukasema sijui mapenzi. Nikasema najua mvua, na mvua hainyeshei mtu mmoja. Tulifika nyumbani tunabishana, mama yenu akatutazama akadhani tumegombana vibaya. Kesho yake ulikuja kwenye cherehani yangu, ukavuta kigoda, ukaendelea pale pale tulipoachia. Basi tukawa marafiki, kama ule ni urafiki.

Miaka yote hiyo msimamo wako ulikuwa mmoja: picha isiyoliza ni taarifa ya habari. Uliitaka ile ya zamani, nyimbo zake, mama yake anayekohoa mara moja tu na hapo hapo tunajua hatamaliza wiki, daktari wake anayetoka chumbani akivua miwani. Mimi nilikwambia na bado nakwambia: hizo picha zinatudanganya kuhusu huzuni. Huzuni haiji na vinanda. Huzuni iliponijia mimi nilikuwa napima kiuno cha mtoto wa mteja, nikaendelea kupima.

Lakini leo sina wa kunishika maneno, kwa hivyo nitasema na lile ambalo sikutaka ulisikie. Hizi mpya pia zinanichosha. Watu wananong'ona wakitazama dirishani. Mtu anaulizwa swali zito, anawasha sigara. Hakuna anayepika, kwa muda wote wa picha sijui nani anaosha vyombo katika nyumba hiyo. Na mwisho wenyewe hauna pindo, wanaukata tu kwa mkasi, nyuzi zinaning'inia, taa zinawashwa tunatazamana. Angalau zile zako zilimwonyesha mwanamke akisonga, akifua, akibeba maji, na hazikuona haya kukaa naye mpaka amalize.

Basi. Umesikia. Usifurahi sana.

Kisha ukaolewa na Shivachi. Sitamsema vibaya kuliko anavyostahili. Alikuwa dereva wa trekta la kubeba miwa, anapita na matela yake mawili barabara ya Mumias, watoto wanayakimbilia kuchomoa miwa, naye anacheka hawafukuzi. Hilo la kutowafukuza ndilo lililokupata, ulinieleza mwenyewe. Mkaenda kwao Matungu, ukamzaa Muhonja, na kile kipande cha shamba chini kwenye kijito, kilichokuwa magugu matupu, ukakilima wewe. Miwa ile uliipanda kwa mikono yako mwenyewe na ujauzito wa pili ambao haukudumu. Shivachi alikuwa barabarani. Najua kwa sababu nilikuja kukusaidia kupalilia, na tulipalilia tukibishana kuhusu ile picha ya hakimu aliyemhukumu mwanawe.

Pesa za miwa zilipoanza kuja, Shivachi akawa mtu wa Mumias. Akapata mwanamke mwingine huko. Halafu siku moja akamleta nyumbani, akakutolea blanketi lako na sufuria yako nje. Hakukuwa na mvua. Ulinisisitizia hilo ulipofika kwetu, Muhonja umemshika mkono: "Rosa, kulikuwa na jua tu." Sijui kwa nini hilo ndilo lililokuliza.

Ulikaa kwetu tangu kupanda mahindi mpaka kuyavuna na kupanda tena. Watoto wangu walifurahi kuwa na senje, shangazi yao, nyumbani. Jioni haikuwa na amani kwa sababu mama yenu alikuwa anakuuliza ulimkosea nini mume wako, lakini Jumamosi mchana tulienda zetu sinema, na hapo ndipo tulipoona ile ya mwanamke mwoka mikate, kwenye video nyuma ya bucha.

Hiyo ndiyo picha mpya ninayoipenda kuliko zote, na wewe uliichukia kwa nguvu zako zote. Mume alimwacha, amefungua duka dogo la mikate. Mume anarudi, amekonda, anasimama mlangoni na sanduku. Mwanamke anamkaribisha, anampa chai na mkate wa moto. Anamsikiliza mpaka mwisho. Hakuna kinanda, unasikia kijiko tu. Mume anapomaliza, mwanamke anainuka, anamfungulia mlango, anamngoja atoke, anaufunga. Anarudi kukanda unga. Imeisha.

Ulisema kwa sauti watu wote wakasikia, "Hiyo ni picha gani haina hata wimbo?" Njia nzima ulikuwa unalalamika. Ukasema yule mwanamke ni baridi. Nikasema si baridi, ana kazi. Ukasema na je, angekuwa na mtoto? Nikasema mtoto angekula mikate. Ukacheka, Minayo, ulicheka mpaka ukashika mti, na mimi nikadhani nimeshinda.

Haukupita muda trekta la Shivachi likapinduka kwenye kona ya daraja, likamvunja nyonga. Yule mwanamke wa Mumias akachukua redio akaenda zake. Shivachi akatuma mtu. Ulikuwa unamenya viazi. Ulisikiliza ujumbe wote, ukamaliza viazi, ukaenda kufunga nguo zako.

Nilikasirika hata cherehani nikaiacha wazi. Nilikufuata chumbani nikakwambia ile ni picha, na haya ni maisha yako, na kwamba ukienda kumwosha miguu yule mtu sitakuja kukuona. Wewe hukupandisha sauti. Ulikuwa unakunja gauni ya kijani. Ulisema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo, na nayarudia hapa kama ulivyoyasema:

"Rosa, miwa yangu imekomaa. Nisipokuwepo itakatwa na ndugu zake. Muhonja atasoma na nini? Mimi siendi kwa Shivachi. Naenda kwa miwa yangu, na yeye atakuwa pale."

Nilikasirika zaidi. Lakini nilikuja kukuona, na nilichokiona hakikufanana na picha yoyote, yako wala yangu. Ulimlisha. Ulimgeuza kitandani. Ulimfundisha kutembea tena kwa mti uliouchonga mwenyewe. Na kila asubuhi ulipomletea uji ulimwambia, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Sijakusamehe." Alikuwa anaitikia, "Najua," anakunywa. Mara ya kwanza kusikia nilitaka kucheka. Mara ya pili niliona aibu, kama nimefungua mlango wa bafu.

Miwa ikakatwa, Muhonja akarudi shule na sare niliyomshonea. Halafu homa ikaja. Ulisema ni malaria, itapita, uko katikati ya kupalilia. Ilikuwa imeshuka kifuani. Tulipokupeleka hospitali ulikuwa unaongea mambo ya sinema, unaniambia nisikae nyuma ya nguzo. Ukatuacha asubuhi, watu wakiwa wanabadilishana zamu, hakuna aliyevua miwani.

Sasa njoo usikie walichokufanyia.

Kwenye mazishi Shivachi alijitupa juu ya jeneza. Sisemi hakuwa na uchungu, uchungu alikuwa nao, lakini alijitupa na fimbo ikaruka upande, ilibidi wanaume wamnyanyue, na wanawake wa kanisani wakapiga yowe moja refu la kuridhika. Mchungaji akasimama akahubiri juu ya mke mwema. Alifukuzwa akarudi. Alitukanwa akaosha miguu. Akasema upendo wako ulishinda, na kwamba wasichana wa siku hizi wakiachwa kidogo wanakimbilia mjini, wajifunze kwa Minayo. Mama yako analia, anatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimesimama kwenye udongo mwekundu na viatu vya kuazima, nikaona wazi kinachotendeka. Walikuwa wamekuweka ndani ya ile picha. Walikupa hata mvua; mtu mmoja alisimulia ulivyofukuzwa kwenye mvua, na watu wakaguna.

Ungekuwepo ungelia. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ungelilia hilo hilo walilokusingizia.

Mwaka mzima nimekuwa nikisikia hadithi hiyo. Sokoni mwanamke akipigwa na mumewe anaambiwa, kumbuka Minayo. Mteja wangu mmoja, msichana mdogo tu ana jicho limevimba, aliniambia anarudi kwake kwa sababu mke wa Matungu alirudi, na mume akabadilika. Nilimwambia huyo mke wa Matungu alikuwa wifi yangu na alikuwa na shamba la miwa. Hakunielewa. Alitaka ile ya kuosha miguu.

Basi ikafika ibada ya ukumbusho, mwishoni mwa mwaka jana, mchana wa jua, pale pale Matungu. Turubai, viti vya kukodi, sufuria za mchele. Ndugu za Shivachi walikuwa wamekaa pamoja, na nilishasikia kwamba wakimaliza kula watazungumza juu ya kile kipande cha kijitoni, kwamba sasa mwenyewe hayupo kirudi kwa ukoo, na Muhonja ni wa kuolewa kesho keshokutwa, shule ya sekondari ya nini. Mchungaji akaanza tena. Akafika kwenye mvua.

Nilisimama. Ambani alinivuta sketi, nikamtoa mkono. Nikaomba msamaha kwa mchungaji na nikasema kulikuwa na jua. Watu wakageuka. Nikasema wifi yangu hakurudi kwa mapenzi, alirudi kwa miwa aliyoipanda mwenyewe, ili mtoto wake asome, na aliniambia hivyo kwa mdomo wake akikunja nguo. Nikasema hakumsamehe Shivachi. Alimuuguza, akamsimamisha, na hakumsamehe, na hayo ni mambo mawili, na mwanamke anayeweza kuyafanya yote mawili chini ya paa moja hastahili kugeuzwa mke wa sinema. Nikasema anayetaka kumheshimu Minayo asiguse kile kipande cha shamba.

Mama yako alifunika uso. Ndugu mkubwa wa Shivachi akainuka kusema kwamba mwanamke wa nje hawezi kuja kuaibisha boma la watu. Hapo Shivachi akamwambia akae. Akasimama mwenyewe, ikamchukua muda kwa ile nyonga. Sikujua atasema nini. Nilijiandaa kwa kila kitu isipokuwa alichosema.

Akasema, "Ni kweli. Aliniambia kila asubuhi. Siku ya mwisho alikuwa na homa, hakuweza kuamka, nikampelekea mimi uji. Aliniambia hata siku hiyo."

Kisha akasema kile kipande ni cha Muhonja, miwa yake ni ya masomo ya Muhonja, na akawataka wazee washuhudie wakiwa wote wapo, na mchungaji pia. Wazee wakatazamana, wakaitikia. Ndugu zake walikula mchele, habari ya shamba ikaishia hapo. Mwaka huu Muhonja ameingia kidato cha kwanza. Sare yake nimeishona kubwa kidogo, anakua haraka.

Kwa hivyo ulichorudia kimepatikana. Nilitaka uwe wa kwanza kujua, na wewe ni wa mwisho, lakini sikuweza kuandika kabla sijapoa. Sijapoa.

Kwa sababu unajua kilichotokea baadaye? Wiki haikuisha nikasikia hadithi mpya kituo cha magari. Sasa ni ya Shivachi. Mume aliyekosa, akaumia, akatubu mbele ya watu wote na kumpa bintiye shamba. Wanawake wanaguna. Wanasema ni wachache wanaume kama hao. Wewe umebaki kitandani kule nyuma unakohoa mara moja, na yeye ndiye steringi. Nilimwambia Ambani, nikapiga meza. Ambani akasema lakini si alisema ukweli? Alisema. Hilo ndilo linaloniudhi. Ukweli huo umeniharibia hata kumchukia.

Likizo hii Muhonja alikaa kwetu, nami nikampeleka ukumbini mchana, maana Mhindi mwenye ukumbi alikuwa ameleta picha za zamani ili apate watu. Ilikuwa ile ya bangili, imekatika zaidi kuliko wakati wetu. Mtoto hakimbii tena nyuma ya mti, anatokea tu na ndevu. Nilimtazama Muhonja kuliko nilivyotazama kitambaa cha sinema. Ana uso wako ule wa kumeza dawa. Kwenye mvua hakulia. Kwenye kufua nguo alilia, nikashangaa. Mume alipopapasa mikono ya mkewe, watu wote wanavuta makamasi, yeye alikuwa ameinamia mbele amekunja uso.

Nikamwuliza nje ameionaje. Nilikuwa nangoja, sijui nangoja nini, labda nilitaka aseme yule mke hakupaswa kurudi, nipate hatimaye mtu upande wangu. Alifikiri mpaka tukapita soko lote. Kisha akasema, "Anti, yule mama ameongea kidogo sana. Picha nzima ni yake, na hakuna mahali amesema anataka nini."

Tumeiona picha ile mimi na wewe mpaka tukajua mahali filamu inapokatika, tumeibishania barabarani, shambani na jikoni, na hilo hakuna kati yetu aliyeliona. Nilitaka kukutafuta nikuambie. Nilikasirika nawe upya pale pale karibu na wauza viatu, mtoto akaniuliza kama nimechoka, nikamwambia ni jua.

Kesho anarudi shule. Nimempakia njugu na sabuni, na gauni ya kijani nimeipunguza kiuno, anaivaa vizuri. Mama yako anakusalimu kwa namna yake: tangu ukumbusho hanisemeshi, lakini jana alileta mboga akaziacha mlangoni.

Wifi yangu, sasa nakuaga. Naahidi mambo mawili ninayoyaweza. Muhonja nitamsindikiza mpaka mwisho wa masomo anayoyataka, na nitamwuliza anataka yapi. Na popote nitakaposikia jina lako linatajwa, sokoni, kanisani au kwenye baraza langu na mdomo umejaa pini, nitawaambia kulikuwa na jua, na ulikuwa na miwa yako. Watachoka na mimi. Ni sawa, nimezoea kubishana na mtu asiyenikubali.

Lala, Minayo. Na tafadhali, usianze kukubaliana nami eti kwa sababu umekufa.

Ni mimi wifi yako,
Rosa